Theluthi ya Fundi Khamis

Kamande alichokolewa pua saa moja na nusu asubuhi, ndani ya gari lake, kwenye foleni ndefu ya kupima korona kule Parramatta, na mpaka saa tatu jicho lake la kushoto lilikuwa bado linatoa machozi. Kila siku ya tatu ni hivyo hivyo. Ukitaka kufanya kazi katika mitaa hii ya magharibi ya Sydney unatoa pua, unaonyesha kibali, unavaa barakoa, halafu miwani inaingia ukungu mpaka hujui unamhoji nani. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Kumi na minane alikuwa polisi Mombasa, na tisa amekuwa mpelelezi wa mawakili hapa hapa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchoka kama mwaka huu wa 2021.

Faili lililokaa kwenye kiti cha pembeni lilikuwa jembamba. Khamis Mbwana, fundi viatu, miaka sabini na mitatu, mkazi wa Guildford, amefariki kwa korona tarehe kumi na moja Agosti. Ameacha nyumba, duka la kutengeneza viatu karibu na stesheni, mke, mtoto mmoja wa kiume na mdogo wake mmoja. Ameacha pia karatasi mbili za wasia zilizoandikwa kwa Kiswahili, kwa kalamu ya bluu, na hizo ndizo zilizoleta balaa. Mtoto, Imad, anasema zimeghushiwa. Aliyeghushi anamtaja kwa jina: Abdulhakim, ami yake, huyo mdogo wa marehemu.

Wakili Goreth, aliyekabidhiwa mirathi hiyo na aliyemkodi Kamande, alitaka ripoti kesho Ijumaa saa nne asubuhi. Ripoti ikisema wasia ni wa uongo, faili linakwenda polisi, na Abdulhakim, mzee wa miaka sitini na moja ambaye hajawahi hata kutozwa faini ya kuegesha gari vibaya, atashtakiwa kwa kughushi. Na mpaka asubuhi hiyo Kamande aliona ripoti itasema hivyo. Alikuwa ameshaiandika kichwani, ilibaki kuipiga chapa.

Aliegesha Guildford, nje ya nyumba ya marehemu, akausoma wasia kwa mara ya kumi.

"Theluthi ya mali yangu yote apewe Imad, na ndani ya theluthi hiyo zitangulie zana zangu: kalibu zote za mbao za kuundia viatu, mashine ya kushonea ngozi, nyundo mbili na sindano zangu za shazia. Kinachobaki kigawanywe mafungu manne. Fungu moja la mke wangu Safaa. Mafungu matatu ya ndugu yangu Abdulhakim."

Mwandiko wote ulikuwa wa Abdulhakim mwenyewe. Cha marehemu kilikuwa sahihi tu, nayo imetetemeka mpaka mtaalamu wa miandiko akasema hawezi kuapa kwamba ni yake wala kwamba si yake. Nusu ya mali imemwendea mtu aliyeshika kalamu. Mtu gani wa polisi asiyenusa hapo?

Tena kulikuwa na hili. Juzi, kwenye simu, Imad alimweleza jambo ambalo Kamande, mtu wa Nyeri aliyelelewa kanisani, hakulijua. Alilieleza kwa Kiswahili chake cha Mombasa kilichokaa Australia muda mrefu.

"Mzee Kamande, kwa dini yetu, mtu akifa na ana mtoto wa kiume, ndugu yake hapati kitu. Zero. Baba alisomesha madrasa miaka kumi kabla hatujaja huku. Unataka kuniambia amesahau? Mimi mtoto wake wa pekee ameniachia nyundo, ami amechukua nusu!"

Kamande aliliona hilo kuwa kosa la mwizi mroho. Alishuka garini, akavuka hadi nyumba ya jirani.

Juvénal, Mkongo wa Bukavu anayefanya kazi ya kutunza wazee, alikuwa mmoja wa mashahidi wawili wa wasia. Mwingine, Ishmael, dereva wa lori, alikuwa ameshahojiwa kwa simu na maelezo yake hayakuwa na tatizo. Juvénal alitoka na kikombe cha kahawa, akasimama ndani ya ua, Kamande akabaki nje yake.

"Papa Kamande, hii yote nilishakuambia ku telefone."

"Niambie tena uso kwa uso."

"Uso gani? Tuko na mabarakoa, papa," Juvénal alicheka. "Haya. Ile siku, tarehe makumi mbili na tano ya mwezi wa saba, mimi nilisimama hapa ku lupango, ndani ya ua yangu. Ishmael alisimama pale ku njia, karibu na lori yake. Mzee alikaa ku baraza, meza mbele yake. Ndugu yake akamusomea, mzee akasikiliza, akaandika jina na mukono yake. Tukaona sisi wawili. Kisha ndugu yake akaleta karatasi ku geti, akarudi nyuma mbali, na sisi tukakuja kusinya mumoja mumoja."

Kamande alipima kwa miguu yake kutoka ngazi za baraza la marehemu mpaka pale aliposimama Ishmael. Hatua tisa. Akapima mpaka kwenye ua wa Juvénal. Hatua saba, na hakuna mti wala nguzo ya kuziba macho. Aliandika. Baraza lilikuwa wazi kabisa, na dirisha la nyuma yake lilikuwa na pazia zito lililofungwa, kwa sababu mjane alikuwa eda.

"Akili yake ilikuwa sawa?"

"Sawa kabisa! Alinicheka viatu yangu. Anasema, Juvénal, hiyo kisigino inakufa, duka ikifunguliwa unaleta."

"Imad alikuwapo?"

"Hapana. Imad anafanyaka usafi kule mujini, ku majumba ya benki. Aliogopa kumuletea baba ugonjwa. Alikuwa anakuja anasimama ku barabara, anamupungia mukono, anarudi. Mwezi muzima. Dawa na chakula ilikuwa analeta Abdulhakim."

"Na wewe ulisikia kilichosomwa?"

"Nusu nusu. Ila kuko kitu moja." Juvénal aliweka kikombe juu ya ukuta. "Ile fasi ya Imad, pale karatasi inamutaja, mzee alisema wamusomee tena. Mara mbili. Kisha akasema, kama ningeweza kumupa zaidi, ningemupa. Akalia kidogo, akapanguza macho, akaomba kalamu."

Kamande aliinua kichwa. "Nani alikuwa anamzuia asimpe zaidi?"

"Hapo sijui, papa. Hakuna mutu alimushika mukono."

Kamande alipigia maneno hayo mstari mara mbili. Mzee mgonjwa, amefungiwa ndani, analetewa chakula na mtu mmoja tu, anataka kumpa mwanawe zaidi na hawezi. Hapo basi si kughushi tena, ni kulazimisha, na kwa mahakama za hapa ni karibu yale yale. Aliwasha gari akaelekea Seven Hills, na njia nzima hakufurahi. Zamani, kesi ikimfungukia namna hii, alikuwa anapiga mluzi.

Ghala alilofanyia kazi Abdulhakim lilikuwa katikati ya maeneo ya viwanda, na siku hizo lilikuwa halilali, kwa sababu watu wote waliofungiwa majumbani walikuwa wanaagiza vitu. Abdulhakim alitoka wakati wa mapumziko, mtu mwembamba mwenye fulana ya njano ya kung'aa, na kofia ya kitambaa chini ya ile ya plastiki. Alisimama mbali kama sheria ilivyotaka. Alimsalimu Kamande kwa heshima, akamuuliza hali ya nyumbani, na akangoja kuulizwa.

"Mzee Abdulhakim, wasia uliandika wewe?"

"Mwandiko wangu huo. Maneno ya kakangu."

"Kwa nini uandike wewe, na wewe ndiye unayepata nusu?"

"Vidole vyake vilikuwa havishiki kalamu. Umevuta uzi wa ngozi miaka hamsini, vidole vitabaki? Ningemwita nani, na nyumba hairuhusiwi kuingiwa na mtu?"

"Ungemwita wakili kwa simu ya video. Inaruhusiwa."

"Hatukujua."

"Ulikuwa unamletea chakula kila siku?"

"Kila siku, mpaka alipochukuliwa na gari la wagonjwa."

"Basi niambie hili. Siku ya kusaini, kaka yako alisema kama angeweza kumpa Imad zaidi, angempa. Nani alimzuia?"

Abdulhakim aliangalia lori lililokuwa linarudi nyuma likilia lia, mpaka liliposimama.

"Dini," alisema.

"Dini gani? Imad ameniambia dini inasema wewe hupati hata senti, kwa kuwa mtoto yupo."

"Hivyo ndivyo inavyosema."

"Sasa mbona umepata?"

"Andika utakavyo, bwana mkubwa."

"Ala! Si niandike nitakavyo, mzee wangu. Mimi nimechoka, nina faili la kumaliza, na jawabu unalo wewe. Ukinipa naandika. Usiponipa, kesho saa nne linakwenda polisi. Unaelewa maana yake? Mwenye kesi ya kughushi hapa hapewi tena kazi ya maana. Na watu wako wote watajua."

"Wameshajua. Imad aliniita mwizi makaburini. Tuliruhusiwa watu kumi tu, na wote walisikia."

"Na hukumjibu?"

"Ningemjibu nini? Siku anamzika baba yake?" Abdulhakim alikohoa, na mfanyakazi aliyekuwa karibu akasogea mbali kwa hofu. "Lipeleke faili. Ila nakuomba jambo moja. Bi Safaa yuko eda. Hajui chochote katika ugomvi huu na hakuna aliyemwambia. Usimsumbue."

Kengele ilipigwa. Abdulhakim aliaga vizuri vile vile alivyosalimu, akarudi kazini.

Kamande alikaa ndani ya gari bila kuliwasha. Jambo hili lilimuudhi. Katika miaka ishirini na saba amehoji waongo wa kila aina, na mwongo husema sana. Anakupa sababu tatu pale ulipoomba moja. Huyu mtu ana kifungo mbele yake, ameulizwa swali jepesi, na amejibu neno moja tu. Mlaghai wa namna gani huyo? Halafu hakuomba asamehewe yeye. Ameomba mjane asiulizwe.

Alitafuta kwenye simu namba ya Mwalimu Mwanasha. Mwanasha alikuwa mama wa Tanga aliyefundisha dini sekondari miaka mingi, na sasa alikuwa akiwafundisha watoto wa Waswahili wa Sydney kwa Zoom. Aliwahi kumsaidia Kamande kutafsiri nyaraka za talaka moja. Kamande alimsomea mafungu bila kumtajia jina la mtu.

"Ngoja," alisema Mwanasha. Nyuma yake watoto walikuwa wanasoma kwa sauti, akawazima. "Theluthi kwanza, imekwenda kwa kijana. Kinachobaki mafungu manne, mke moja, ndugu matatu. Ndiyo?"

"Ndiyo. Na kuna mtoto. Kwa hiyo ndugu hastahili. Nataka uniambie tu kama mtu aliyesoma dini anaweza kukosea hivyo."

"Mtoto yupi?"

"Huyo kijana."

"Mbona basi mke kapewa robo?"

"Sijui, mwalimu. Ndiyo maana nimekupigia."

"Mume akiacha mtoto, mke hupata thumni, sehemu moja ya nane. Robo ni ya mke ambaye mumewe hakuacha mtoto. Wanafunzi wangu wa darasa la saba wanalijua hilo."

"Kwa hiyo ni makosa mawili. La ndugu na la mke. Aliyeghushi hakujua hesabu."

"Bwana Kamande, hebu tulia kwanza, acha upolisi wako." Mwanasha alikuwa na namna ya kumwambia mtu mzima akae chini. "Mtu akikosea hesabu, mambo hayakai. Haya yamekaa. Mke robo, sawasawa. Hakuna mtoto, ndugu anachukua kilichobaki, sawasawa. Na hiyo theluthi nayo sawasawa. Wasia kwetu haumwendei mrithi, mrithi ana fungu lake tayari. Wasia ni wa yule asiyerithi. Humo hamna kosa hata moja. Aliyeandika hivyo alikuwa anagawa mali ya mtu ambaye hakuzaa."

"Lakini kijana ana miaka thelathini na miwili! Ana jina la baba yake!"

"Basi jina analo, na damu hana. Mtoto wa kulea, mpende utakavyo, harithi."

Kamande akauliza alichopaswa kuuliza tangu Jumatatu. "Kwa nini theluthi? Kwa nini si nusu, au nyumba nzima?"

"Kwa sababu theluthi ndiyo mwisho, bwana. Asiyerithi hapewi kwa wasia zaidi ya hapo. Huyo marehemu wako kapanda mpaka ngazi ya juu kabisa aliyoruhusiwa."

Baada ya kukata simu, Kamande alilifungua faili kwenye usukani. Cheti cha kuzaliwa cha Imad kilikuwa ukurasa wa nne. Alikuwa amekipitia mara ya kwanza bila kukitilia maanani. Imad alizaliwa Mombasa mwaka 1989. Cheti kimetolewa mwaka 1995, miezi miwili kabla familia haijasafiri kuja Australia. Vyeti vya kuchelewa ni vingi pwani, naye alivikuta kwa mamia alipokuwa polisi, kwa hiyo aliona si kitu. Mtoto wa miaka sita anaandikishwa kwa mara ya kwanza maisha yake wakati viza inatafutwa. Na yeye, Kamande, aliyejiita mpelelezi, akafungua ukurasa wa tano.

"Pumbavu," alijiambia kwa sauti, akawasha gari.

Alifika Guildford saa tisa na robo. Askari wawili wa miguu na mwanajeshi mmoja walimsimamisha kwenye kona, wakaangalia kibali, wakamwachia. Alipanda baraza la Fundi Khamis, akabisha hodi kwenye kioo cha dirisha, akarudi nyuma hatua mbili.

"Shikamoo mama. Naitwa Kamande, natoka kwa wakili. Sikuja kuvunja eda yako. Nitasema nikiwa hapa nje, nawe usifungue pazia."

"Marahaba," sauti ilijibu, ya mwanamke mzee, iliyokauka. "Sema, baba."

Alikuwa amepanga maneno ya kuzungukia. Yote yalimtoka. "Mama, Imad alizaliwa na nani?"

Ndani kiti kikasogezwa karibu na dirisha.

"Abdulhakim kakwambia?"

"Abdulhakim hajafungua mdomo. Ndiyo maana kesho anapelekwa polisi."

"Polisi? Yarabi! Kwa lipi?"

Kamande akamwambia. Alimwambia yote, ugomvi wa wasia, madai ya kughushi, maneno ya makaburini, na kila alipotua alimsikia Bi Safaa akisema "Lahaula" kwa sauti ya chini. Hakuna aliyemweleza. Kila mtu alikuwa akimlinda, na kwa kumlinda wakamwacha ndani pekee na siri ambayo ingemaliza ugomvi wote kwa siku moja.

"Ni wa dadangu," alisema mwishowe. "Dadangu alikufa siku ya tatu baada ya kujifungua. Mume wake alikwenda Uarabuni, hata barua hakuleta. Na mimi nilikuwa nimezika wangu, wiki mbili nyuma. Wangu wa pekee niliyejaaliwa. Maziwa yalikuwa yananimwagikia bure, nguo zinalowa. Nikaletewa mtoto analia. Ningefanyaje? Nikampa."

Kamande alivua miwani, akaifuta kwa shati. Haikuwa ukungu tu.

"Tulipopata safari ya kuja huku, afisa akasema mtoto wa dada haingii kwenye karatasi. Khamis akaenda akamwandikisha kwa jina lake. Alikosa usingizi kwa hilo, maana dini inakataza kumbadilisha mtu nasaba. Akasema, Safaa, nitamwambia akikua. Akakua. Akasema, nitamwambia Idi hii. Idi ikipita anasema ijayo. Mara harusi yake, mara kazaa, atamwambia saa ngapi?"

"Angeweza kumpa nyumba akiwa hai."

"Alitaka hivyo! Mwezi wa sita alisema twende ofisi tukamwandikie. Tukafungiwa. Ofisi zikafungwa, duka likafungwa. Akasema tungoje zifunguliwe. Halafu akaanza kukohoa. Alipoona siku zimeisha akafanya lile lililobaki. Nilikuwa hapa hapa nyuma ya pazia, nasikia. Alimwambia Abdulhakim, mpe theluthi yote, usipunguze hata uzi."

"Mama, ripoti yangu lazima iseme wasia ni wa kweli. Na nikisema ni wa kweli, lazima niseme kwa nini. Imad ataisoma."

"Hataisoma." Kulikuwa na mlio wa simu ikibonyezwa. "Atasikia kwangu. Nawe usiondoke. Nataka mtu wa nje awepo, nisije nikapata woga nikamdanganya tena."

Imad alikaa mtaa wa pili na alifika kwa miguu baada ya dakika kumi, akiwa bado na shati la kazi lenye nembo ya kampuni ya usafi. Alimwona Kamande kwenye baraza, akapata matumaini.

"Mzee Kamande! Umepata ushahidi?"

"Nimepata. Ingia kwa mama yako kwanza."

Aliingia. Kamande alikaa kwenye ngazi za baraza na kuwapa mgongo, lakini kioo kilikuwa chembamba na alisikia kila neno. Bi Safaa hakuzunguka. Alianza na dada yake, akaja kwenye maziwa, akaja kwenye karatasi za safari. Alipomaliza, jirani mmoja alikuwa anakata majani kwa mashine.

"Kwa hiyo alijua," Imad alisema. "Every day. Kila siku nikimwita baba, anajua."

"Alijua, naye akaitika."

"Theluthi, mama! Kama mtu baki!"

"Mtu baki hupewa kitu kidogo, akaambiwa ahsante. Wewe ulipewa mpaka pale Mungu aliposema basi. Zaidi ya hapo ni haramu kwake, na ungemtaka aende mbele ya Mola wake na haramu? Alilia, Imad. Mzee yule uliyemjua, aliyejipiga nyundo kidole asitoe sauti. Alilia kwa sababu hapakuwa na pa kuongeza."

Kilichofuata kilikuwa kilio, cha mwanamume, na juu yake sauti ya mama ikisema "mwanangu, mwanangu". Kamande aliinuka akaenda kusimama langoni. Alikuwa amefanya kazi hii muda wa kutosha kujua mahali ambapo mpelelezi hahitajiki. Alifungua daftari, akaandika kwamba wasia ni halali, kwamba mgao wake unalingana na hali halisi ya familia ya marehemu, na kwamba hapana ushahidi wowote dhidi ya Abdulhakim Mbwana. Sentensi tatu tu. Kazi ya wiki nzima.

Imad alitoka baada ya nusu saa. Barakoa ilikuwa mkononi, macho yamevimba.

"Ami alijua?"

"Alijua tangu ulipozaliwa."

"Ulimwambia kwamba faili linakwenda polisi?"

"Nilimwambia leo asubuhi. Akasema nipeleke faili."

"Angesema neno moja tu, one word, ningemwachia palepale."

"Angelisema, ungekuwa hapo makaburini huna baba."

Imad alishika chuma cha lango kwa mikono miwili. "Nilimwita mwizi. Mbele ya watu. Alikuwa na udongo mikononi, ametoka kumshusha baba kaburini, nikamwita mwizi." Hakuwa akimwambia Kamande. Kisha akatoa simu mfukoni, akatafuta jina, akapiga. Iliita, ikaita. Abdulhakim alikuwa kazini na simu haikupokewa. Mashine ilitoa mlio wa kuacha ujumbe.

"Ami," alisema Imad. "Ni mimi."

Kamande aliangalia pembeni.

"Ni Imad," alisema tena, na mdomo wake ukabaki wazi, anatafuta kilichofuata jina hilo siku zote. Alikitafuta mpaka Kamande akadhani simu imekatika.

"Imad wa Khamis, ami. Ukitoka kazini nipigie."